Nusu Yangu ya Kihispania

Nchelenge, Jumatatu, 4 Novemba 1974

Leo nimeanza kusoma Kihispania, na leo hiihii nimetaka kuacha.

Masera Rosaria, mtawa Mhispania anayesimamia chuo cha misheni, alichagua watu saba wa hospitali. Januari atakuja daktari mpya kutoka kwao, ambaye hajui Kiingereza wala Kibemba wala Kiswahili. Mmoja wetu atapanda naye boti kila wiki kwenda Chisenga, akamsemee kwa wagonjwa wa kisiwani, ambao nusu yao ni watu wetu wa Zaïre, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Kazi hiyo naitaka kuliko chochote. Sasa hivi mimi ni kibarua, nafagia wodi na kubeba wagonjwa, na ruhusa yangu ya kukaa Zambia inakwisha Pasaka. Nikipata kazi ya kudumu, misheni itaniombea ruhusa nyingine. Nikikosa, narudi Kilwa yetu ya Zaïre, ng'ambo ya ziwa, na ndugu wa mke wangu wameshasema Bwalya havuki kwenda popote. Ana mimba ya miezi mitano.

Basi niliingia darasani nimenyoa ndevu, viatu vinang'aa. Masera ameondoa madawati yote. Viti vimepangwa duara, kila mtu anatazamana na mwenzake. Nikaketi, nikainua macho, na kwenye kiti cha mbele yangu kabisa nikamwona mama mkwe wangu.

Jina lake sitaliandika. Hata hapa, ambapo hakuna anayenisoma, mkono unakataa. Anamsaidia mkunga katika wodi ya wazazi, ndiyo maana naye kachaguliwa, na hakuna aliyenidokeza. Kwetu na kwao bukwe ni mmoja: mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali mbele yake, hatamki jina lake, mpaka ukoo umwite, umpikie na kumwingiza rasmi. Yama Kabwe, mjomba wa Bwalya, anasema sherehe hiyo itafanyika mambo yakikaa sawa. Huu ni mwaka wa pili na mambo hayajakaa. Nikimwona mama njiani, mimi huingia porini na yeye hujifunika kitambaa. Darasani hakuna pori.

Masera alianza kuita majina, na kila aitwaye alitakiwa kujibu "Presente", yaani nipo. Lilipofika jina la mama, nilikohoa kwa makusudi nisilisikie. Alijibu "Presente" kutoka chini ya kitambaa, kwa sauti ya mtu aliyezikwa.

Kisha ukaja mpira. Masera hatafsiri neno hata moja; anasema Kihispania tu, anaigiza kwa mikono, na ana mpira wa matambara. Anayeutupa anauliza, anayeudaka anajibu. "¿Cómo se llama usted?" Jina lako nani. Mubanga, anayefunga vidonda wodi ya wanaume, alijibu huku anacheka akanirushia mimi. Nikasema: Fabien. Kule Zaïre majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, kwa hiyo hapa nalitamka langu kwa raha zote. Masera akanionyesha niutupe mbele, kwa mama, nimwulize jina lake.

Niliushika ule mpira mpaka ukalowa jasho. Masera anapiga makofi: "¡Pregunte, Fabien!" Uliza! Mama amegeukia ukuta. Nikautupa dirishani, ukaangukia kwenye matope. Wote walicheka isipokuwa masera na sisi wawili.

Alhamisi, 7 Novemba

Somo la pili sikwenda. Nilisema tumbo linauma, na kusema kweli lilikuwa linauma.

Jioni Bwalya alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe. "Mayo anasema weye uende siku ya kwanza, yeye ataenda siku ya ine. Hivi hakuna mutu atapata haya."

"Na masera?"

"Masera ni muzungu. Atazoea."

Nilishukuru: mimi Jumatatu, yeye Alhamisi. Mama alikuwa amewaza jambo lilelile nililowaza mimi, ila yeye alilisema kwanza.

Jumatatu, 18 Novemba

Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikasoma vizuri sana. Jumatatu masera hufundisha mambo ya nje: hesabu, saa, soko, mvua na jua, safari. Tumecheza soko. Mimi niliuza samaki wa karatasi na Mubanga akanilalia bei. Alhamisi, nasikia, ni mambo ya nyumba na mwili. Nitayafidia baadaye.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa. Bati la jirani limeng'oka.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilipita nyuma ya darasa nikisukuma toroli la mashuka, nikasikia sauti ya mwanamke ikisema Kihispania kwa nguvu na darasa zima linaangua kicheko. Nikauliza nani huyo. Mubanga akasema, "Haiko mama mukwe wako? Anamuchekesha hata masera. Anaigiza mugonjwa: huku kichwa, huku magoti, huku anakufa, huku anafufuka."

Nilibaki nimesimama na toroli langu. Miaka miwili namjua kwa kitambaa na mgongo tu. Nilidhani ni mtu mkali. Niliona wivu, nisifiche, kwamba wengine wote wanamjua na mimi simjui.

Jumatatu, 9 Desemba

Masera amekasirika. Anaona watu wawili, kila mmoja anakuja nusu, na anadhani ni uvivu. Nilijaribu kumweleza kwa Kiingereza, akaziba masikio: "¡En español!" Sasa bukwe utauelezaje kwa maneno ya kuuzia samaki?

Mubanga akajitolea. Alininyooshea kidole mimi, akanyooshea kiti kitupu, akagonganisha ngumi mbili. Masera akashika kifua kwa huruma. Ameelewa kwamba mimi na mama tumegombana, na sasa anataka kutupatanisha.

"Mubanga, umeniua."

"Awe, Fabien! Mi nimekusaidia!"

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua. Mvua. Likizo ya Noeli, hakuna darasa. Nafanya mazoezi sebuleni, na Bwalya anasema mama naye anafanya mazoezi jikoni kwake.

"Weye unajua hesabu, Mayo anajua mwili," anacheka, mikono juu ya tumbo. "Miye peke yangu njo niko na yote. Nabasikia bote babili bure."

Nikamwambia aende yeye kufanya kazi kwenye boti. Akasema akishajifungua atafikiria.

Jumanne, 14 Januari 1975

Daktari amefika. Mrefu, amechomwa na jua, anaongea kama injini ya boti. Alinisimamisha mbele ya wodi akaniambia maneno mengi. Nikashika mawili: maji, na tatu. Nikamletea ndoo tatu za maji. Alizitazama, akanitazama mimi, akanishukuru kwa adabu. Mpaka sasa sijui alitaka nini.

Jumatatu, 27 Januari

Masera ametangaza mtihani: tarehe ishirini na nne Machi, wawiliwawili, mazungumzo ya uso kwa uso mbele yake na daktari. Wanaosoma pamoja wanafaulu pamoja au wanaanguka pamoja. Akabandika orodha mlangoni. Mimi na mama.

Nilitaka kulia. Si maneno ya kuandika tu, nilikwenda nyuma ya stoo ya dawa nikasimama huko mpaka macho yakakauka.

Bwalya ndiye aliyempelekea mama habari.

Jumamosi, 8 Februari

Nilikwenda kwa Yama Kabwe kumwomba sherehe ifanyike kabla ya Machi. Nilichuchumaa mbali kama inavyotakiwa. Alitafuna muhogo wake mpaka mwisho, ndipo akasema, "Mambo ya bukwe hayakimbilie sababu ya muzungu. Tutaona wakati wa jua." Wakati wa jua, mvua zikiisha, nitakuwa Kilwa, ninawatazama kutoka ng'ambo.

Jumanne, 18 Februari

Barabara ya Mansa imekatwa na maji mahali pawili. Bwalya miguu imevimba.

Jumatano, 26 Februari

Masera na mkunga walikwenda Mansa kuchukua dawa kabla maji hayajapanda zaidi. Walisema watarudi leo. Hawajarudi. Najiambia si neno, siku za Bwalya bado. Najiambia hivyo kila saa.

Jumapili, 2 Machi

Naandika ya jana. Mkono wa kushoto una bandeji, lakini nataka nisiache jambo hata moja.

Asubuhi nilikuwa ufukweni naondoa maji ya mvua kwenye boti ya hospitali. Mubanga akaja mbio: Bwalya yuko wodi ya wazazi, chupa imepasuka, mama yake ndiye aliyemleta. Nilipofika walikuwa wameshafunga mlango. Ndani: daktari, Sista Dorica wa kushika vyombo, ambaye Kihispania hajui hata salamu, na mama. Mimi nikabaki barazani, mvua inapiga bati, nikisikia Bwalya analia. Baadaye nikasikia hasikiki. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mlango ukafunguka. Daktari akanimwagia maneno. Nilitafuta ndani yake kitu chochote ninachokijua. "Dos." Mbili. "Ahora mismo." Sasa hivi. Mbili nini? Mimi najua samaki wawili, mitumbwi miwili, siku mbili. Wenzetu wengine wa darasa hawakuwa zamu Jumamosi, na Mubanga, ambaye darasani hushika vichekesho tu, akainua mabega; daktari akapiga ukuta kwa kiganja.

Mama akatoka nyuma yake. Alijifunika, akanipa mgongo, akasema na nguzo ya baraza.

"We nguzo, umwambie mukwe wangu: munganga anataka damu. Neno ya damu miye nalijua. Ya ngapi, sijue."

Nami nikageukia nguzo. "Nguzo, umwambie mama: ni batu babili. Sasa hivi."

Nguzo ilikuwa imeunganisha kilichotuponyoka. Watu wawili, watoe damu. Mubanga alikuwa tayari anakunja shati. Sista Dorica akatupima, bahati ikawa yetu, mimi na Mubanga wote tukafaa, akatutoboa palepale barazani kwenye benchi.

Nikiwa bado na sindano mkononi, daktari akatoka tena. Anauliza, anagonga mkono wake penye saa. Mama akaiambia nguzo, "Anauliza kitu ya saa. Kama ni maji yalitoka wakati gani, yalitoka kengele ya kanisa ya kwanza ikilia." Kengele ya kwanza ni saa kumi na mbili. Nikamwambia daktari, kwa hesabu za wazungu, "A las seis." Alitikisa kichwa mara moja, uso ukabadilika. Ilikuwa imekaribia adhuhuri.

Kisha akasema jambo refu, polepole, akimtazama mama, halafu akanitazama mimi na kunyamaza. Alikuwa anangoja jibu langu. Sikushika neno hata moja. Yalikuwa yote maneno ya Alhamisi. Nusu yangu ilikuwa imekwisha.

Mama akaanza, "We nguzo..." Akasita. Nilisikia anavuta pumzi. Akageuka. Akashusha kitambaa mpaka mabegani.

"Fabien. Achana na nguzo. Niangalie miye."

Nilimtazama. Sijui nilitegemea kuona nini. Niliona macho ya Bwalya kwenye uso wa mtu mzima, na mwanya kwenye meno, na machozi ambayo hakuyapangusa.

"Mutoto amelala kwa kukingama. Mukono njo umetangulia. Munganga anataka kupasua tumbo. Asipopasua, banakufa bote babili. Anakuuliza weye, juu weye njo bwana yake. Usiogope haya. Mujibu."

"Weye unasema nini, Mama?"

Nilimwita Mama, usoni, mara ya kwanza. Akajibu, "Miye ninasema apasue."

Nikamgeukia daktari. "Sí," nilisema. Ni neno dogo sana kwa jambo kama lile.

Walifunga mlango, lakini hawakuufunga vizuri, na kuanzia hapo hatukuwa na nguzo wala kitambaa. Mama alipiga kelele kutoka ndani, mimi nikajibu kutoka benchi.

"Anasema frío! Ni nini?"

"Baridi, Mama! Bwalya anasikia baridi! Mumufunike!"

"Na despacio?"

"Polepole! Mufanye polepole!"

Maneno ya mvua na ya boti. Kila Jumatatu niliyakariri kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya ruhusa, kwa ajili ya kubaki hapa, na sasa yalikuwa yanaingia chumbani alimolala mke wangu. Halafu mama akaacha kuuliza. Mubanga alinishika goti. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kwa Kifaransa cha mapadri wa Kilwa, na yote yalikuwa ombi moja.

Kikalia kitu. Kidogo, kikali, kimekasirika.

Mama alitoka, mikono imejaa damu mpaka viwikoni. "Niña," alisema. Hilo nalo ni neno la Alhamisi. Akaona sielewi. "Mutoto mwanamuke," akasema. "Na mama yake anapumua." Akaketi chini barazani, palepale miguuni pangu, ambapo mama mkwe haketi. Tulilia wote wawili bila kujificha, na Mubanga, ambaye hakuhusika, alilia kutushinda.

Alhamisi, 6 Machi

Bwalya amekunywa uji. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Ni kweli mulisemeshana na Mayo?" Nikasema ni kweli. Akafumba macho akatabasamu mpaka akalala.

Masera amerudi, gari limejaa matope mpaka dirishani. Daktari alimsimulia. Alinitazama sana, halafu akamtazama mama, ambaye alikuwa amejifunika tena na kupita kando ya ukuta. Nafikiri sasa ameelewa kwamba hatukugombana.

Jumamosi, 15 Machi

Yama Kabwe aliniita. Nikachuchumaa mbali.

"Nasikia ulimusemesha mama mukwe. Nasikia ulimwangalia."

"Ni kweli, Yama."

Nikaona boti la Kilwa linakuja kunichukua. "Utaleta kuku," alisema mwishowe. "Bukwe uko palepale. Sherehe itakuwa wakati wake." Kisha akaniuliza Bwalya anakula vizuri. Nilimpelekea jogoo wangu mkubwa.

Kwa hiyo mimi na mama tumerudi kama zamani, yeye kwenye kitambaa, mimi porini. Jana nilimwona anakuja na ndoo, nikaingia porini kama inavyotakiwa, na huko porini nilihuzunika.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto amepewa jina. Wazee wamempa la nyanya yake, mama mkwe wangu. Furaha kubwa, nyimbo, pombe ya ulezi. Mimi nilifurahi nusu, kwa sababu sasa jina la binti yangu mwenyewe siwezi kulitamka. Nitamwita Mayo, yaani mama, kama wafanyavyo wanaume wote wenye bahati ya namna hii.

Jumapili, 23 Machi

Kesho mtihani. Sili.

Jumatatu, 24 Machi

Tumepata! Tumefaulu wote wawili, masera amesema, na wiki baada ya Pasaka napanda boti na daktari kwenda Chisenga. Barua ya kuniombea ruhusa itatoka kesho. Nabaki. Nimemwambia Bwalya, amecheka mpaka akashika mshono.

Lakini nataka kuandika jinsi ilivyokuwa.

Viti viwili, vimeelekeana. Masera na daktari pembeni. Mlango wazi, na barazani Bwalya ameketi na mtoto mgongoni, amekataa katakata kubaki nyumbani. Mama aliingia amejifunika. Masera akaita majina, langu kwanza, kisha la mama. Nikakohoa. "Presente," likatoka chini ya kitambaa.

Mama alipewa kadi zenye picha. Yeye aulize, mimi nijibu. Kadi ya kwanza: nyumba. Ninaishi wapi? Nikajibu nikitazama magoti yake. Ya pili: mvua. Nilijibu vizuri, hiyo ni yangu. Ya tatu: mtu mzima na mtoto. Je, nina watoto? Binti mmoja. Ana siku ngapi? Ishirini na tatu. Niliitamka bila kigugumizi, na daktari akatabasamu.

Masera akagonga kadi ya nne kwa penseli. Ilikuwa na mdomo na alama ya kuuliza. Mama akaitazama kwa muda. Najua kwamba angeweza kujifanya amesahau. Badala yake akauliza, wazi kabisa:

"¿Y cómo se llama la niña?"

Na mtoto anaitwa nani.

Jasho lilelile la Novemba. Ila sasa hapakuwa na mpira wa kutupa dirishani. Nilisikia penseli ya masera, nilisikia mtoto anakoroma kidogo barazani. Nikafikiri: ndiyo basi. Nitavuka ziwa kwa ajili ya jina moja, na sitalitamka, kwa sababu mimi si mtu wa kumvunjia heshima mwanamke aliyeketi miguuni pangu akalia.

Mama akashusha kitambaa mpaka mabegani. Taratibu, kama siku ile. Akanitazama, nami nikamtazama.

"Dígalo," alisema. Liseme.

Nikafungua mdomo. "Se llama..." Nikaanza upya. "Se llama Eneless."

Na mama mkwe wangu, macho yake ndani ya yangu, akaitika:

"Presente."